Shamba la Baba kwa Rangi za Pwani

Baba aliniomba kitu kimoja tu: nimchoree shamba lake la Litapunga, kule kwetu Mpanda, kabla macho yake hayajazima. Alikuwa na presha ya macho, na daktari alishamwambia mwanga ukiondoka haurudi. Nikamjibu kwa simu kutoka Tanga, "Mwezi ujao, Baba." Mwezi ujao ukazaa mwezi ujao mwingine, mwaka ukakatika. Mjinga mimi!

Nilipoanza kuchora, nikiwa bado Mpanda, rangi yangu ilikuwa udongo. Nilichimba kichuguu, nikachekecha kwa kitambaa, nikachanganya na gundi ya mbao. Tanga ule udongo ulinishinda. Kwa unyevu wa kule picha ziliota ukungu ukutani hata sijaziuza. Nikahamia rangi za dukani. Na wateja walitaka buluu: maji, mawingu, nyumba nyeupe. Nikawapa. Tena nikajiona nimekua! Jirani yangu, fundi fremu, alinitania, "Mtu wa Bara, ushakuwa wa pwani, kilichobaki ni kuvaa msuli tu." Nikacheka, nikafurahi kabisa.

Nilipofika Litapunga hatimaye, Baba alikuwa anaona kwa kuchungulia, kama mtu aliye nyuma ya mlango. Nilikaa siku tatu pembeni ya mahindi na rangi nilizokuja nazo. Mkono ulikwenda wenyewe. Vivuli vikawa buluu, njia nyekundu ikawa nyeupe kama mchanga. Nami nikaona kazi ni safi.

Baba akaishika picha karibu na pua, akaigeuza huku na huku akitafuta mwanga.

"Pazuri, mwanangu," akasema. "Ni wapi hapa?"

Mama akanitazama. Jamani, si ningesema kweli tu! Ningesema nimekosea, nipe wiki moja nichimbe udongo. Nikasema, "Tanga, Baba. Ninapokaa."

"Ahaa! Kumbe bahari ndiyo iko hivi." Akaita majirani waje waone.

Ile wiki sikuitoa. Nilikuwa na oda ya hoteli kule Tanga. Mvua zilipokwisha, mwanga wa Baba nao ulikuwa umekwisha.

Siku hizi nimerudi nyumbani, nachora kwa udongo, na watu wanasema shamba langu la kwenye picha unaweza kulipalilia. Baba hukaa karibu yangu nikichora. Jana aliniuliza, kwa upole tu, kwa nini lile shamba lake sikuwahi kumchorea.