Bolti ya Safu ya Tatu

Kwa miaka thelathini na tisa Fundi Kengele alipima kwa kuigonga boila ile ile ya injini kuukuu ya garimoshi, mpaka mkewe akazoea kuiita mke mwenza. "Msalimie mwenzangu," alimwambia asubuhi ile, lakini hakucheka. Injini ikikosa cheti cha ukaguzi leo, kesho inakatwakatwa. Lori la mnunuzi wa vyuma chakavu lilikuwa limeshaegeshwa nje ya karakana, bila haya.

Injini tatu za kisasa zilikuja kwa mbwembwe, zikafa zikisubiri vipuri. Hii kongwe bado ilivuta mabehewa, na kila Jumamosi watu waligombania kuipanda kwa raha tu.

Siri moja aliijua mkewe peke yake: masikio ya Kengele yalikufa miaka mitatu iliyopita. Watu aliwasoma midomo. Bolti za boila, ambazo zikigongwa nzima hulia na iliyokatika hunyamaza, alizisikia kwa meno. Aliuma ncha moja ya kifimbo cha chuma, ya pili akaigusisha kwenye bolti, kisha akagonga. Alifanya hivyo kwa kificho, maana kanuni zilitaka mgongaji anayesikia.

Boila ilijazwa maji. Binti yake, ambaye ndiye dereva wa injini, akaendesha pampu mpaka geji ya shinikizo ikafika mstari mwekundu. Halikuvuja hata tone. Mkaguzi, mtu mwenye haraka zake, aligonga bolti chache, akatoa kalamu. Kengele akashusha pumzi, akazunguka nyuma kuziaga bolti zake, kifimbo menoni. Safu ya tatu, ya tano kutoka kushoto: kimya. Akagonga tena. Kimya.

Akinyamaza, injini imepona. Lakini Jumamosi bintiye angesimama hatua mbili tu kutoka kwenye bolti hiyo, moto ukiwaka, na boila huweza kupasuka.

"Usisaini," alisema. "Hii imekatika."

Mkaguzi akaigonga, pampu ikinguruma masikioni mwake. "Mbona inalia kama nyingine? Mzee, umejuaje?"

Kengele alikitazama kifimbo mkononi. Aliogopa, tena sana. Kisha akampa mkaguzi. "Uma."

Mkaguzi akauma. Kengele akagonga bolti nzima, halafu ile mbovu. Mkaguzi akakitoa kifimbo mdomoni, akayatazama masikio ya mzee.

"Nawapa mpaka saa kumi muibadilishe," alisema. "Baada ya hapo nafunga jalada."

Walimwaga maji, wakaitoboa bolti mbovu na kuitoa, wakapachika mpya, wakaiponda kichwa kwa nyundo mpaka ikashika. Saa kumi kasorobo geji ilirudi kwenye mstari mwekundu, na bolti ikalia.

Mkaguzi alisaini. Kisha akamgeukia Kengele, akasema polepole ili midomo isomeke: "Injini imepita, mzee wangu. Wewe hujapita."

Kengele alimwita binti yake, akakifuta kifimbo kwa shati, akamkabidhi pamoja na nyundo.

"Masikio unayo," alimwambia. "Lakini uma."