Chupa Niliyoijaza Mjimwema

Ipo siku moja ninayoikumbuka mpaka leo kwa tope lake, mwanangu. Tope jekundu la Songea baada ya mvua za mwanzo, lile ambalo likishakamata kiatu haliachii mpaka ulibembeleze kwa kijiti. Ningelikanyaga tope lile siku ile, nisingekuwa na cha kukusimulia leo. Umekuja kuniaga, umekaa hapo na kishikwambi chako mapajani, unaniambia umepata kazi ya kupita nyumba kwa nyumba kuuliza watu habari za maradhi na maji. Nimefurahi, usione nimenuna. Ndivyo uso wangu unavyokuwa nikikumbuka jambo. Kaa kidogo, basi halitakuacha.

Kazi hiyo nami niliifanya nikiwa na umri kama wako. Ilikuwa miaka ile soko huria lilipoanza kuingia. Sabuni tuliyokuwa tukiipangia foleni ikajaa madukani, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na kila mwenye kiwanja akajenga vyumba vya kupangisha. Baba alikuwa amepunguzwa kazini, nami nimemaliza kidato cha nne, sina mbele wala nyuma. Ndipo akaja mtafiti kutoka chuo kikuu, mama mmoja mpole tuliyemwita Dokta Rehema. Alitaka kujua maji tunayokunywa yanatoka wapi, yanaleta maradhi gani, na wazee wetu wana miiko gani juu ya visima na mabonde.

"Wazee hawakuweka miiko kwa kupenda tu kukataza," alikuwa akituambia. "Nataka nijue kila mwiko unalinda nini."

Akanichukua niwe mdadisi wake. Nikapewa madodoso, kalamu mbili na kitambulisho cha kuning'iniza shingoni, na hicho kitambulisho nilikivaa hata kanisani. Kitu cha kwanza nilichonunua kwa mshahara wangu kilikuwa viatu vya ngozi vya mtumba, vyeusi, vyenye ncha. Nilivipiga rangi asubuhi na jioni. Mama akawa anasema, "Huyu mtoto akianguka, ataanza kukagua viatu kabla ya magoti."

Sasa, bondeni kwetu palikuwa na kisima cha asili, maji yanatoka chini ya jiwe. Mtunzaji wake alikuwa Bibi Skolastika, mjane, mtu wa rozari kila asubuhi. Kisima alikirithi kwa mama mkwe wake, pamoja na masharti yake: huchoti kwa sufuria yenye masizi, hufulii pale, hulimi upande wa juu wa jiwe, na ukifika unavua viatu. Mwaka ule mvua zilipoanza, Bibi Skolastika alikifunga.

"Maji yamechoka," alisema. "Vyura wamehama, na ukiyashika yanateleza mkononi. Tuyapumzishe."

Akalaza tawi bichi njiani, akanyunyiza majivu mbele ya jiwe, maana yake mtu asipite. Wanawake wakalazimika kupanda mpaka kwenye mabomba ya Mjimwema na kusimama foleni. Walinung'unika sana, na aliyenung'unika kuliko wote alikuwa mkwe wa bibi mwenyewe, Mariana. Alikuwa anauza maandazi, na alikuwa na binti mdogo, Tulia, ambaye hata meno ya mbele yalikuwa hayajaota tena. Ndoo za kutoka Mjimwema zilimchubua Mariana kichwa. Simlaumu.

Dokta Rehema aliposikia habari ya tawi na majivu, macho yalimng'aa. Alitaka kujua kama bibi ameona jambo la kweli. Lakini ilikuwa lazima asafiri kwenda Dar es Salaam, akaniachia chupa zilizochemshwa na kufungwa vizuri, pamoja na sanduku la barafu. Nizijaze kisimani, niandike lebo, nizifikishe maabara kabla ya mchana.

Nikashuka asubuhi, viatu vikimetameta. Njiani nikakutana na Bibi Skolastika amejifunga khanga mbili, anaelekea msibani.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Wapi na sanduku hilo?"

"Nimetumwa maji ya kisimani, yakapimwe."

Alisimama. Nilidhani atakataa, kumbe alifurahi. "Yapimwe," akasema. "Hata mimi nataka kujua yana nini. Mimi nawahi kuzika, wewe ruka tawi ushuke, nimekuruhusu. Ila vua viatu. Pale hapakanyagwi na viatu."

Akaenda zake. Nikabaki nalitazama lile tope. Upande wa juu, kwenye vyumba vipya vya kupangisha, wasichana walikuwa barazani wanasukana nywele, na mmoja wao nilikuwa nikimpigia mahesabu. Nivue viatu, nikunje suruali, nishuke mle kama mlinda ndege? Mimi mwenye kitambulisho shingoni? Nikageuka, nikapanda mpaka Mjimwema kwa baba mdogo, nikafungua bomba la uani, nikajaza chupa zote. Nikaandika kwenye lebo, kwa mwandiko wangu mzuri ambao walimu waliusifia: Kisima cha bondeni. Nikajiambia maji yote ni ya Mungu. Kabla ya mchana nilikuwa maabara, na nilipewa soda.

Majibu yalirudi: maji safi, hayana neno. Tena mimi ndiye niliyeombwa kuyasoma mbele ya mkutano wa mtaa. Nikayasoma kwa sauti, wanawake wakapiga vigelegele. Bibi Skolastika akanyoosha mkono, akasimama taratibu.

"Mjukuu wangu, kisimani ulifika?"

Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi. Niliujua msemo huo tangu shule ya msingi, na haukunisaidia kitu.

"Nilifika, bibi."

"Nimeuliza kwa sababu nilirudi msibani jioni ileile nikapita pale. Majivu yangu nimeyakuta kama nilivyoyanyunyiza. Hapakuwa na unyayo hata mmoja."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Bibi, wenzako wanapima kwa mashine, wewe unapima kwa majivu!" Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, mwanangu. Hicho kicheko ndicho kinachoniuma kuliko uongo wenyewe, maana yule bibi ndiye aliyekuwa na ushahidi pale, na mimi ndiye mtu pekee aliyejua. Bibi akakaa, akaweka mikono mapajani. Mkutano ulipokwisha, Mariana alikwenda mwenyewe kulitoa lile tawi, akalitupa majanini, na jioni ile ndoo zikajaa.

Mvua ziliposhika hasa, homa zikaanza bondeni. Leo mtu wa nyumba hii, kesho wa nyumba ile, homa isiyoshuka na tumbo linalouma. Kisha nikasikia kwamba Tulia amepelekwa hospitali, hajitambui. Mama alinipakulia ugali na likolo la maboga, mboga niipendayo kuliko zote, nikauacha mezani nikatoka. Njia ya mwongo ni fupi, na mimi nilikuwa nimefika mwisho wake.

Nilimkuta Bibi Skolastika uani anapukuchua mahindi. Nikapiga magoti nikamwambia yote, viatu, wasichana, bomba la Mjimwema. Mikono yake haikusimama. Alimaliza gunzi lile, akalitupa, akashika jingine. Nilitamani anipige nalo.

"Mimi hukunidanganya," akasema mwishowe. "Mimi nilijua tangu jioni ile. Uliowadanganya ni wale walioshindwa kwenda kupima wenyewe. Maji hayana mdomo, mjukuu wangu. Yaliazima mdomo wako, na wewe ukayasemea neno ambalo hayakusema."

Nikalia. Akaniacha nilie.

"Kuuliza ni kazi ya heshima," akaendelea. "Hata mimi nilitaka kuulizwa. Miaka yote hii hakuna aliyeniuliza kwa nini pale watu wanavua viatu. Nikamwona mtoto wa kwetu anakuja na sanduku, nikasema moyoni, sasa tutasikilizwa. Kumbe umeuliza ukajijibu mwenyewe. Haya, inuka. Nenda kamwambie aliyekutuma, halafu uwaambie watu palepale ulipowasomea. Na kisima nakifunga tena leo, bila kungoja karatasi."

Nilimpigia simu Dokta Rehema kutoka posta. Hakupiga kelele. Alikata simu, akapanda basi akaja. Safari hii Bibi Skolastika alitangulia, sisi tukamfuata peku, tope likipenya katikati ya vidole. Wala halikuwa baya kama nilivyolidhania; lilikuwa la baridi tu. Majibu yalitoka mabaya. Vyoo vya vile vyumba vipya vilikuwa vimechimbwa upande wa juu wa jiwe, mvua zikiteremsha uchafu mpaka kwenye maji. Vyura na mikono ya bibi vilisema kweli kabla ya maabara.

Nikasimama mbele ya mkutano nikakiri. Hakuna aliyenizomea. Dokta Rehema aliniita pembeni, akaniambia, "Madodoso yako yote nimeyaweka kando, hata yale uliyoyajaza kwa uaminifu. Sina namna ya kuyatofautisha." Nikavua kitambulisho nikampa.

Siku iliyofuata nilikwenda hospitali. Tulia alikuwa ameanza kupona, amekalishwa kitandani, mama yake anamnywesha uji. Niliinama, nikamshika mkono, nikamwomba radhi. Nilisema maneno mengi, mwanangu, maneno niliyokesha nikiyapanga. Mtoto alinitazama mdomo, akatabasamu. Nikadhani nimesamehewa.

"Usijichoshe," Mariana akaniambia, bila kuniangalia. "Hasikii. Tangu juzi tunamwita, hasikii."

Hakusikia tena mpaka leo. Daktari alisema huenda ni homa, huenda ni dawa kali, na hakuna wa kuapa kwamba alipata maradhi kwa maji yale na si kwingine. Usinifariji kwa hilo. Nilijaribu kujifariji nalo miaka mingi, halikunifaa. Wanasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mimi ndiye niliyekataa la mkuu, na magoti yangu haya unayaona, mazima. Aliyevunjika ni mtoto wa mwenzangu. Msemo ule ungekuwa unafuata haki, mimi leo ndiye ningekuwa kiziwi.

Nilijifunza ufundi bomba. Vyoo vile vilifukiwa vikachimbwa kwingine, kisima kikajengewa ukuta, nami nikajipa kazi, kila mvua zikianza, ya kuvua viatu, kujaza chupa palepale chini ya jiwe na kuipeleka maabara. Tulia alisomeshwa shule ya viziwi, akarudi mwanamke mzima anayeandika vizuri kunishinda. Bibi Skolastika alipofariki, funguo za lango la kisima alimwachia Tulia.

Lakini ile radhi ilikuwa bado iko mdomoni mwangu. Ule uongo niliuandika kwenye karatasi, nikaona na ukweli niuandike. Mwaka juzi nikachukua daftari, nikaandika kila kitu, kuanzia kiatu mpaka kitanda cha hospitali, nikampelekea kule kisimani alikokuwa anafagia. Alisoma amesimama, ufagio umeegemea bega. Alisoma taratibu, akarudia ukurasa mmoja. Akaniomba kalamu kwa kidole, akaandika chini ya maneno yangu mstari mmoja, akanirudishia daftari. Hakuandika kwamba amenisamehe, wala kwamba hakunisamehe. Aliandika: Mvua zimeanza. Mwaka huu umeshapima?

Nilikuwa sijapima. Nilikuwa nasingizia magoti. Nikavua viatu palepale.

Basi mwanangu, nasaha yangu ndiyo hiyo, nami naisema wazi usije ukasema mzee alizunguka. Unapotumwa kuuliza, uliza. Nyumba ya mwisho iliyo bondeni iulize kama ile ya kwanza iliyo barabarani. Ukikuta mtu hayupo, andika hayupo. Usipofika, andika hukufika; aibu yake ni ya siku moja. Ukikuta mzee ana mwiko, usiucheke wala usiuabudu. Muulize unalinda nini, kisha ukapime. Na ukiambiwa uvue viatu, vua, maana miguu huoshwa. Ukishakosea, sema mapema, kabla mtoto wa mtu hajalipa. Na ukishasamehewa au usiposamehewa, kazi iko palepale, kesho yake uifanye.

Sogea nikuwekee mkono. Mungu akutangulie kwenye kila mlango utakaopiga hodi. Akupe masikio ya kusikia kwa niaba ya wasiosikia, na mkono usioandika ambacho macho hayakuona. Wazee waliolala wakuangalie, uende salama na urudi na tope miguuni.

Haya, nenda, basi lisije likakuacha.