Foleni ya Mvinyo Mosocho

Leo nimeweka chupa zangu mezani sokoni Mosocho, na kabla sijafungua hata moja, watu wakapanga foleni.

Moyo ukaruka. Si biashara ndiyo hii?

Kumbe wamenizoea nikigawa mbegu za bure, za lile shirika nililoacha. Wamekuja na vitambulisho mkononi, tayari kuandikishwa.

"Huu ni mvinyo wa ndizi," nikasema. "Nauza."

Foleni ikayeyuka. Akabaki Mama Kwamboka, Msabato kindakindaki, pombe hajawahi kuonja.

"Ndizi unatoa wapi?"

"Za chupa zijazo bado natafuta, mama. Nataka zisizopigwa dawa."

"Zangu zinaozea shambani. Kuja kesho, na ukuje na pesa. Usichelewe kama siku za mbegu."

Nimecheka mpaka sasa. Nani ana pikapu? Kuchelewa naogopa.