Jumamosi Niliyomfukuza Mama Uwanjani

Wiki iliyopita mdogo wangu alinipigia simu kutoka Marekani, anakosoma na kuchezea timu ya wasichana ya mpira wa kikapu ya chuo chake. Jina lake limeanza kuvuma huko, na mwandishi wa gazeti la chuo anataka habari za familia yetu. Aliniuliza kwa Kiingereza, maana Kiswahili anakielewa lakini hakizungumzi: je, ni kweli kwamba kabla yangu nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kucheza mchezo wowote? Nikamwambia nina kazi, nitampigia baadaye. Kazi gani! Nilikaa kitandani na koti langu mwilini, nikalia kama mtoto.

Mama yetu alicheza. Alicheza Bukavu, timu ya wanawake ya mtaa wao, kabla vita havijatutoa. Mchezo wenyewe aliuita basiketi, na alipolitaja neno hilo uso wake ulikuwa wa msichana.

Nilikua Tottenham, ghorofa ya sita, kwenye jengo la halmashauri ambalo lifti yake ilifanya kazi ikijisikia. Mama alikuwa akisafisha maofisi mjini alfajiri. Alirudi tukiwa tunakunywa chai, mikono yake ikinuka dawa ya vyoo, akatukagua masikio, ndipo akalala. Jumamosi ilikuwa siku yetu. Tulikwenda sokoni, tukanunua sombe, yaani kisamvu, iliyogandishwa, ambayo mama aliitukana njia nzima kwamba si sombe hiyo, ni majani ya bustani, na samaki wadogo wakavu aliokuwa akiwakaanga kwa pilipili na nyanya. Harufu yake ilijaza ngazi zote. Jirani yetu Mkenya, nesi, alikuwa akibisha hodi kulalamika, na kila mara aliondoka na sahani iliyofunikwa.

Baada ya chakula tulishuka nyuma ya jengo, kwenye kiwanja cha lami chenye uzio na goli moja lisilo na wavu. Mama alikuwa na kitenge chake, na mdogo wangu mgongoni, hajatimiza hata mwaka. "Magoti! Kunja magoti! Kiwiko ndani! Mpira unauangalia wa nini, utakukimbia?" Nikimkera sana alinipa mtoto nimshike, akauchukua mpira yeye. Jamani, mngemwona! Mwili wote uliochoka ulikuwa ukiamka. Alirusha, mpira ukapita katikati ya chuma bila kukigusa, naye akageuka kabla haujaanguka chini, maana alishajua.

Sasa nikwambie jambo jingine kuhusu nyumba yetu, ili unielewe. Mama hakujua Kiingereza, na mimi ndiye nilikuwa mdomo wake. Tangu nikiwa na miaka tisa nilisoma barua zote, nilikwenda naye kwa daktari, kwa wakili, kwa mwanamke wa ofisi ya nyumba za halmashauri. Wazaliwa wa kwanza wa nyumba za wakimbizi wanalijua hili. Na tulikuwa bado tunasubiri makaratasi ya kuruhusiwa kubaki nchini. Kwa mama, mtu yeyote mwenye kitambulisho shingoni alikuwa serikali. Akisema kaa, mama anakaa. Hata mkaguzi wa tikiti kwenye basi, mama alimwamkia kwa mikono miwili.

Nilipofika miaka kumi na miwili niliingia timu ya shule. Mechi ya kwanza ilikuwa Jumamosi, nami sikumwambia mama. Jirani alimwambia. Akaja moja kwa moja kutoka sokoni, kitenge, mtoto mgongoni, mifuko miwili ya samaki wakavu mkononi, akasimama kando ya mstari, akaanza kunipigia kelele kwa Kiswahili. Magoti! Kiwiko! Wasichana wa timu yangu wakaanza kumnyooshea vidole. Wakati wa mapumziko, bila kuitwa na mtu, aliweka mifuko chini, akaingia uwanjani, akanishika kiwiko mbele ya watu wote, kisha akachukua mpira na kurusha. Ukaingia. Akarusha tena, ukaingia. Watu wakapiga makofi, lakini mimi masikio yangu yalisikia kicheko tu. Nilitamani ardhi inimeze.

Mwalimu wa michezo akaja mbio. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye filimbi na kitambulisho shingoni. Akaniambia: muulize mama yako alijifunza wapi. Mwambie ninamhitaji hapa kila Jumamosi, anisaidie kuwafundisha wasichana wadogo. Tafadhali, mwambie.

Mama alinitazama, akingoja. Bado alikuwa anatabasamu.

Nikamwambia, "Anasema wazazi hawaruhusiwi kuingia uwanjani. Anasema usije tena."

Nilisema hivyo. Mimi, kwa mdomo wangu, na sauti haikutetemeka hata kidogo. Tabasamu likamtoka. Akaushika mkono wa mwalimu kwa mikono yake miwili, akainama. "Mwambie anisamehe. Mwambie sikujua." Nami nikamgeukia mwalimu, nikasema mama anashukuru sana ila Jumamosi ana kazi. Mwalimu akasema ni hasara kubwa. Hilo nalo sikulitafsiri.

Mama alibeba mifuko yake mpaka mlangoni pa jengo. Hapo akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Aliandika jina langu?" Nikasema hapana. Akasema Mungu ni mwema. Mimi nilidhani nimemzuia asiniaibishe, basi. Kumbe nilikuwa nimemwambia kwamba ameharibu mambo yetu ya makaratasi.

Hakukanyaga tena kiwanja, hata kile cha nyuma ya jengo. Mpira aliuweka juu ya kabati, na mimi nikaacha timu kabla mwaka haujaisha. Mdogo wangu alipoanza kukimbia ndimi niliyeushusha. Nilimfundisha yote, magoti, kiwiko, usiangalie mpira, na mpaka leo anaamini niliyapata shuleni. Alipoingia shule ileile na kuanza kung'ara, mama hakwenda hata siku moja. Jumamosi moja nilipita pale nikamwona amesimama kituo cha basi ng'ambo ya barabara, anachungulia uwanjani kupitia uzio. Basi likaja, likaondoka. La pili likaja, likaondoka. Makaratasi tulikuwa tumeshapata zamani. Ningevuka barabara nikamwambia. Nilipita tu, haki ya Mungu, nikajisemea nimechelewa kazini.

Na kazi yangu ni nini? Mkalimani wa hospitali. Siku ya kwanza ya mafunzo walituambia usiongeze, usipunguze, nami niliandika kwenye daftari nikapiga mstari chini.

Kile kiwanja hakipo tena. Wamejenga maghorofa yenye vioo, na mlangoni kuna mlinzi. Jirani yule amerudi Kisumu. Mama bado yuko ghorofa ya sita, magoti yake yamechoka kwa miaka ya kupiga deki, na mechi za mdogo wangu anazitazama kwenye simu, sauti imezimwa.

Jumapili nilikwenda kwake. Alikuwa anakaanga vitunguu. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana niliogopa nikikaa nitanyamaza. Nilimwambia maneno ya mwalimu kama mwalimu alivyoyasema, yote, moja baada ya lingine. Nilimwambia kwamba nilimwonea haya.

Alizima jiko. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane. Alikaa, akajifuta mikono kwenye kitenge polepole, kidole kwa kidole.

"Ungeniambia tu, mama yangu," akasema, jinsi alivyozoea kuniita nilipokuwa mdogo. "Ungeniambia unanionea haya. Ningekuja kwenye mechi za mdogo wako miaka yote ile, nikae kule nyuma kabisa, ninyamaze."