Mtoto Aliyesema Hana Mama

Jumanne nilikuwa Kibaha, nimekaa kwenye benchi mbele ya dirisha la dawa nikisubiri kuitwa. Televisheni ya ukutani ilikuwa ikionyesha filamu ya vijana waliotoroka makwao, sasa wanalala mitaani Dar. Sura zao zilifichwa wasitambulike. Kijana mmoja aliulizwa kuhusu nyumbani kwao. Akashika sikio la kushoto, akasema, "Mimi sina mama."

Mama mmoja aliyetoka Marui, kajitanda kanga, akasimama ghafla. "Huyo wangu! Akisema uongo lazima ashike sikio."

"Samahani, dada," akasema aliyekaa pembeni yangu, mama wa Misugusugu mwenye kitambulisho cha kazi shingoni. "Huyo ni wangu. Sauti ile naijua."

"Umri ule sauti zote moja. Tazama sikio!"

"Mwaka wa pili huu namtafuta!"

"Mimi wa tatu!"

Walipoinua macho, filamu ilishahamia kwa kijana mwingine. Dirishani jina likaitwa mara mbili, asiinuke mtu.

Msomaji, nimechanganyikiwa mpaka leo. Jijini mtoto hana mtu, Kibaha anagombewa na mama wawili, na kila mmoja anaomba mwongo yule awe wake.

Wakanigeukia. "Kaka, nawe umemwona. Hata kwa umbo tu, anafanana na nani kati yetu?"

Nilikuwa nimemtazama mwanzo hadi mwisho. Nikajibu kwamba sikuwa naangalia, na hapo ndipo nilipogundua mkono wangu uko sikioni.