Neno Nililompa Bibi

Jana nilipasua mto wa zamani, uliojazwa pamba ya shambani kwetu, na harufu yake ya vumbi na mbegu ikanirudisha utotoni.

Tulikuwa mkekani tukichambua mavuno: pamba nyeupe ni safi, ya njano yenye majani ni fifi. Ghafla Bibi akatulia, mkono hewani, donge la pamba kiganjani.

"Ng'wanone, mwanangu, nilikuwa nafanya nini vile?"

"Bibi ameingia fifi!" nikasema.

Wote walicheka, hata yeye. Nilijiona bingwa. Kufikia Jumapili, hata majirani walikuwa wanalitumia neno langu.

Msimu uliofuata Bibi hakukaa tena mkekani. Alishinda jikoni peke yake, na nikimpelekea maji ananiuliza kwa sauti ya chini, "Leo sijaingia fifi, eti?"

Nami nilikuwa nacheka tu.

Jana, mto ukiwa wazi mapajani na mkasi mkononi, sikukumbuka nilitaka kufanya nini. Binti yangu akaniangalia.

"Mama, vipi?"

Neno lilinifika mdomoni. Nikamwambia nanusa pamba.