Mwenzake wa Kubishana

Ukiniuliza kazi ya mlinzi Dubai ni nini, nitakwambia ni kukubali. Mgeni akisema ameegesha gari vizuri, unakubali. Madam akisema jua la leo si kali, na wewe umesimama nalo tangu asubuhi, unakubali. Nimekubali mambo mengi katika mji huu kiasi kwamba mke wangu akinipigia simu kutoka Nyahururu na kuniuliza jambo la nyumbani, wakati mwingine namjibu "Ndiyo, madam" kabla sijajitambua. Yeye hucheka. Mimi sicheki.

Nyumba niliyoilinda kwa miaka miwili ilikuwa ya familia ya Kiyahudi. Baba alikuwa mhandisi wa mitambo ya kuondoa chumvi kwenye maji ya bahari, mtu mpole, mwenye haraka. Nje hakukuwa na kibao chochote, lakini kila Jumamosi wanaume kumi na kitu walikuja kwa miguu kusali sebuleni. Siku hiyo hawagusi umeme, kwa hiyo hawabonyezi kengele. Kazi yangu ilikuwa kuwaona wakiwa bado mbali na kufungua mlango wa geti mwenyewe, kana kwamba nimeamua tu kupunga upepo. Nilizoea. Walikuwa watu wa salamu, na madam alikuwa akiniletea mkate wao wa kusuka kila Ijumaa.

Walikuwa na mwana wa miaka ishirini na mmoja ambaye hakuishi nao. Alikuwa huko kwao, katika chuo cha dini cha aina yake. Kijana anajiandikisha kwa miaka mitano: kipindi anakaa na vitabu vya sheria za dini, kipindi anavaa sare na kushika bunduki, kisha anarudi kwenye vitabu. Wenzake wa darasa ndio hao hao wenzake wa kikosi. Baba yake aliponieleza hivyo, siku moja tukisubiri fundi wa kiyoyozi, nilishikwa na wivu ambao sikuutegemea.

Mimi nilikuwa mseminari. Nilikuwa mwaka wa pili wa falsafa jeshi lilipokuja wilayani kwetu kuandikisha makurutu, nikamwendea padri mkuu wa seminari nikamwambia nataka kwenda kutumikia miaka michache, kisha nirudi kumaliza. Alinitazama kana kwamba nimeomba bia katikati ya misa. "Chagua," aliniambia. "Ukitoka na bunduki, humu huingii tena." Nikatoka. Jeshi likanipeleka ng'ambo ya mpaka, likanirudisha, likanisahau, na Dubai ikaniokota. Leo nikisikia kuna mahali duniani ambapo mambo hayo mawili yamewekwa kwenye ratiba moja, na mapumziko ya chakula katikati, naona nilidanganywa.

Kijana alikuja Dubai kwa likizo ya wiki tatu. Alikuwa amekonda, na alivaa viatu vya jeshi na kaptura, kitu ambacho askari yeyote akikiona anajua maana yake: miguu bado haijakubali kwamba iko nyumbani. Mwenzake wa masomo alikuwa ameuawa vitani, mita chache kutoka alipokuwa yeye. Nasema mwenzake wa masomo kwa sababu kwao hilo ni jambo kubwa. Hawasomi peke yao. Wanakaa wawili wawili, kitabu kimoja kati yao, na wanagombana. Mmoja akitoa hoja, kazi ya mwenziwe ni kuipinga, hata kama moyoni anaona ni sawa, mpaka isimame au ianguke. Akikosa la kupinga, hoja imesimama. Yeye na huyo marehemu walikuwa wamegombana hivyo tangu siku ya kwanza chuoni.

Baba alinijia kibandani siku ya tatu ya likizo. Aliniambia mwanawe hajafungua kitabu tangu mazishi, kwa kuwa hana wa kukaa naye, na hapa Dubai wazee wote wanaojua vitabu hivyo anawakataa. Aliniambia pia habari ya barua. Daktari wa jeshi alikuwa amempa kijana barua inayomruhusu kuondolewa mstari wa mbele na kurudi chuoni moja kwa moja, mradi aitie sahihi kabla likizo haijaisha. Hakuwa ameitia. Wazazi wakimgusia anajifungia chumbani.

"Amesikia kwamba ulikuwa unasomea upadri, kisha ukawa mwanajeshi," alisema. "Anataka kusoma na wewe. Saa moja kila alasiri. Utakubali?"

"Ndiyo, sir," nikasema. Ningesema nini kingine?

Tukakaa kibandani, kiyoyozi kikinguruma juu ya vichwa vyetu, jicho langu moja likiwa kwenye geti. Kitabu kilikuwa na Kiingereza pembeni. Alisoma kipande, akatoa maelezo yake, akaningoja. Nikasema ndiyo, sir. Akasoma kipande kingine. Ndiyo, sir. Akakifunga kitabu.

"Ukinikubalia unaniacha peke yangu," alisema. Hakusema kwa ukali. "Niambie nimekosea wapi."

Ilinichukua siku nne. Tulikuwa tunasoma juu ya vitu vilivyopotea. Alisema mtu akikuta nafaka iliyomwagika njiani ni yake, maana mwenyewe ameshaikatia tamaa. Kabla sijajizuia nikamuuliza: mwenyewe amejuaje kwamba imemwagika? Atakataje tamaa kwa nafaka ambayo bado anadhani iko guniani? Aliipiga meza kofi, daftari langu la wageni likaruka. Aliniambia wazee wao waligombania swali hilo hilo karne nyingi zilizopita, na kwamba nimekaa upande mzuri. Nilijisikia raha ambayo siwezi kuieleza kwa adabu. Kwa miaka mingi hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza nafikiri nini.

Jioni ile kwenye basi la kampuni la kuturudisha kambini Muhaisnah, jirani yangu wa kitanda, Mkenya mwenzangu, alinikodolea macho.

"Buda, leo unasmile kwa basi. Umepata dem?"

"Nimepata kitabu."

"Basi umeisha," akasema, akageukia dirisha.

Tuliendelea hivyo karibu wiki mbili. Sauti zetu zilipanda. Nilikuwa namwambia "hapana" mara kumi kwa saa, na kila hapana ilimrudishia rangi kidogo usoni. Alianza kula. Madam alianza kutuletea chai yeye mwenyewe, na akiiweka mezani alikuwa ananitazama kwa shukrani iliyonitia aibu. Viatu vya jeshi akaviweka, akavaa ndara.

Kisha supavaiza wetu, Mtanzania wa Tanga, akaja kukagua. Ilikuwa asubuhi, siku mbili kabla kijana hajaondoka. Alinivuta nyuma ya kibanda.

"Kaka, nimeletewa malalamiko. Kuna mgeni kapita hapa juzi, kasikia gadi anamfokea mtoto wa arbab, mtoto wa bosi."

"Sifoki. Tunasoma. Mwenye nyumba mwenyewe ndiye aliyeomba."

"Kusoma gani huko kwa makelele? Mwenye nyumba atasema ndiyo leo, kesho kampuni inaniuliza mimi. Nakwambia kwa wema, kaka. Ukisikika tena unakwenda Jebel Ali kulinda makontena, na mkataba ukiisha hawakurudishi. Mtoto akisema, wewe jibu ndiyo sir. Khalas."

Ningeweza kwenda kwa mwenye nyumba. Lilikuwa neno moja tu, na angepiga simu, na yangekwisha. Sikwenda. Nimejiuliza sana kwa nini, na jibu halinipendezi: mtu aliyezoea kuinama haoni mlango ulio wazi, anaona tu kizingiti. Nilikuwa na karo ya watoto wawili na mkataba uliobakiwa na miezi minne. Nikaufyata.

Alasiri hiyo hiyo kijana alikuja na ukurasa ambao alikuwa akiuruka tangu tuanze. Niliujua uzito wake alipokaa bila kunisalimu. Ni sheria yao ya kale ya vita. Kabla ya mapigano kuhani husimama mbele ya jeshi na kuwataja wanaoruhusiwa kurudi nyumbani: aliyejenga nyumba na hajaikalia, aliyepanda mizabibu na hajala matunda yake, aliyechumbia na hajaoa. Mwisho anamtaja anayeogopa. Kijana alinieleza kwamba wako wanaosema hao watatu wa kwanza wametajwa ili kumsitiri huyo wa nne. Wanaondoka wote pamoja, na anayewatazama hajui nani amekwenda kwa sababu ya nyumba na nani kwa sababu ya woga.

Nusura nilie. Katika jeshi nililolijua mimi hakuna aliyewahi kumfikiria mwoga kwa heshima kiasi hicho.

Kisha akatoa hoja yake. Alizungumza taratibu, kama mtu aliyeifanyia mazoezi. Alisema barua ya daktari ndiyo ruhusa ya kuhani, hilo anakubali. Lakini ruhusa si amri. Wenzake wa darasa wako kule, mmoja tayari hayupo, na akitia sahihi safu itapungukiwa na mwingine. Kwa hiyo anayewapenda wenzake hana budi kurudi, hata akiwa anaogopa, na hasa akiwa anaogopa. Alimaliza, akaweka viganja viwili juu ya ukurasa, akaningoja.

Jibu nilikuwa nalo. Sikulitafuta hata kidogo. Lilikuwa mstari wa chini ya huo wa anayeogopa, pale kiganja chake kilipokuwa kimelala: mwoga anarudishwa ili asije akaiyeyusha mioyo ya ndugu zake. Sheria haimrudishi kwa ajili yake. Inamrudisha kwa ajili yao, hao hao wenzake anaotaka kuwaendea. Na ningeweza kumwongezea yangu, ambayo haimo kitabuni. Mimi nilipewa likizo kama hiyo. Mama yangu alinishika shati mlangoni, nami nikarudi kikosini kwa kuogopa kuitwa mwoga. Wiki ya kwanza tu, zamu ya asubuhi, nilisikia mlio na nikaganda, mikono haikunitii, na koplo aliyekuwa kushoto kwangu akasimama kunivuta chini, risasi ikampata yeye. Alikuwa na mabinti wawili. Askari aliyekwisha hawapunguzii wenzake mzigo. Yeye ndiye mzigo. Maneno hayo yalikuwa yamekaa ndani yangu miaka kumi na tano yakingoja mtu mmoja wa kuyasikia, na mtu huyo alikuwa mbele yangu, amekuja mwenyewe, ameniomba.

Nikatazama geti. Gari la kampuni lilikuwa limerudi, limeegeshwa ng'ambo ya barabara, supavaiza yumo ndani, kioo kimeshushwa.

"Ndiyo, sir," nikasema.

Alisubiri. Alidhani natafuta maneno.

"Huna la kupinga?"

"Hapana, sir. Umesema vizuri."

Alinitazama muda mrefu. Sikuona faraja katika uso wake, na hilo ndilo linaloniuma kuliko yote, kwa sababu mtu anayetaka kukubaliwa hufarijika akikubaliwa. Yeye alionekana kama aliyeshuka ngazi gizani akakosa ngazi moja. Alikuja kibandani kwangu akiwa na hoja dhaifu aliyotaka ivunjwe. Nami nilikuwa najua desturi yao; siwezi kusingizia ugeni. Nilijua kwamba kwao asiyejibu amekubali.

"Basi imesimama," alisema, akakifunga kitabu. Akanipa mkono na kunishukuru.

Aliondoka Alhamisi. Barua aliiacha juu ya meza ya chakula, haina sahihi. Madam hakutoka nje kumsindikiza hadi kwenye gari. Mimi ndiye niliyebeba begi.

Aliuawa wiki ya sita.

Baba alikwenda kuzika, akakaa huko siku za matanga, akarudi na ndevu ambazo hajazinyoa. Siku iliyofuata alikuja kibandani alasiri, saa ile ile yetu, akavuta kiti cha mwanawe akakaa. Mkononi alikuwa na kile kitabu. Nilimpa pole kwa Kiingereza, na neno lenyewe kwa Kiingereza ni dogo mno.

Aliniambia kijana alimwandikia ujumbe kutoka uwanja wa ndege. Alimwandikia kwamba ameamua, na kwamba wasilaumiane nyumbani, kwa sababu hoja yake ameiweka mbele ya mtu anayekijua kitabu na anayeijua bunduki, na mtu huyo hakupata kasoro ndani yake.

"Mimi sikulaumu," alisema. "Nilikuwa baba yake, nisingeweza kubishana naye. Nilidhani wewe utabishana. Nataka kujua jambo moja tu, ili nilale." Akakifungua kitabu pale palipokuwa na alama, akanigeuzia. "Ulikuwa na jibu?"

Niliuona ule mstari. Ningeweza kuweka kidole juu yake. Ningependa kuandika hapa kwamba nilinyamaza kwa kumhurumia, kwamba sikutaka abebe kujua kuwa mwanawe angeweza kuwa hai. Ingekuwa habari nzuri, na watu wangenielewa. Lakini si kweli. Nilikuwa na miezi miwili imebaki kwenye mkataba, na nilimwogopa.

"Hapana, sir," nikasema. "Sikuwa nalo."

Alinishika bega, akanishukuru kwa kusoma na mwanawe, akaingia ndani.